Mizunguko Mia Sita na Salamu Moja

Wajukuu, lile pipa la chuma linalonguruma juu ya nguzo, ambalo mnapita chini yake kila siku bila hata kulitupia jicho, ndani yake hakuna kitu kinachozunguka. Nawaambia mapema kwa sababu mimi mwenyewe, nikiwa na darasa la kumi kichwani na kalamu mfukoni, niliamini kwa wiki nzima kwamba humo kuna pangaboi. Kumbe kuna waya, chuma na mafuta, basi. Hakuna kinachotoka mahali pake. Transfoma ni kitu cha nyumbani kabisa, kama mimi, na labda ndiyo maana tulielewana.

Kazi yangu mgodini Geita ilikuwa kuzisuka. Ndiyo, kusuka, msicheke. Koili ya waya husukwa kama nywele, na ikiharibika hufumuliwa kama nywele. Hilo ndilo neno la mafundi, na neno hilo nusura linikoseshe mke. Nitafika huko, msinikimbize. Tangu ujana sijawahi kukimbia.

Kwetu ni Ibadakuli, Shinyanga. Siku nilipopanda lori kwenda Geita, miaka ile ya hamsini, nilianza kukumbuka ugali wa mama kabla hatujapoteza mji machoni. Wenzangu waliimba njia nzima. Mimi nilikumbatia sanduku langu la bati na kuhesabu mito tuliyovuka, ili nikitoroka nijue njia ya kurudi. Katoro hii mnayoisifia kwa bodaboda na wanunuzi wa dhahabu, siku zile ukishuka kujisaidia unasema kwanza na fisi.

Karakana ya umeme ilikuwa chini ya Fundi Kondo, Mzaramo wa Kisarawe, mtu mfupi mwenye vidole vilivyoungua ncha zote. Mzaramo na Msukuma ni watani, kwa hiyo alikuwa na ruhusa ya kunitukana tangu jua linachomoza, na aliitumia yote. Siku ya kwanza aliniuliza, "Umesoma?"

"Mpaka darasa la kumi, Fundi."

"Pole. Tutajitahidi usahau."

Nikataka kumwonyesha kwamba sisahau. Palikuwa na transfoma ndogo mezani. Nikachukua betri ya gari, nikafunga nyaya zake upande wa kuingilia, taa nikaifunga upande wa kutokea. Taa haikuwaka. Nikakaza nyaya. Haikuwaka. Nikabadilisha taa mara tatu, nikapuliza, nikapigapiga meza. Fundi Kondo alikuwa nyuma yangu muda wote anakula muhogo.

"Msukuma," akasema, "umeme wa betri ni kama wewe. Umekaa nyumbani, hautaki kutoka. Umeme wa jenereta huenda na kurudi, huenda na kurudi, mara nyingi kabla hujapepesa jicho. Ni ile kwenda na kurudi inayokitikisa chuma. Koili ya kwanza inakitikisa chuma, chuma kinaitikisa koili ya pili. Usipotikisa hupati kitu."

Sikuwahi kuelezwa vizuri zaidi, wala kutukanwa vizuri zaidi, kwa sentensi zile zile.

Hesabu yenyewe mtoto wa darasa la nne anaiweza. Sukeni waya mizunguko mia sita upande wa kuingilia, mizunguko sitini upande wa kutokea. Huku ni mara kumi ya kule. Ingizeni volti mia mbili arobaini, zitatoka ishirini na nne. Lakini hakuna cha bure. Volti zikishuka mara kumi, mkondo mnaoweza kuuchukua upande wa pili hupanda mara kumi, kwa hiyo upande huo husukwa kwa waya mnene. Hapo ndipo mtakapomjua fundi wa kweli: huangalia unene wa waya kabla ya kuangalia kibao cha maandishi.

Mimi niliangalia kibao. Tena kibao kilikuwa kimebandikwa kinyume. Mwezi wangu wa pili niliuingiza umeme wa mia mbili arobaini kwenye ile mizunguko sitini. Fyuzi ikalia kama bunduki, nikajikuta nimekaa ndani ya ndoo ya mafuta machafu. Fundi Kondo akaja, akanishika mikono yote miwili, akaigeuza kuitazama, akaona vidole vipo kumi. Hakunitania. Akasema taratibu, "Chombo hiki hakijui mbele wala nyuma. Ukikitia umeme huku kinashusha, ukikitia kule kinapandisha. Kama fyuzi isingekatika, upande wa pili zingetoka volti elfu mbili na mia nne, na mimi ningekuwa naandika barua kwa mama yako, wakati kuandika sijui." Kuanzia siku hiyo, kila ninapojaribu transfoma mpya, napitisha umeme kwanza kwenye balbu moja kubwa. Kukiwa na kosa, balbu inawaka kwa nguvu na kukusuta. Balbu ikisuta, mtu anabaki mzima. Fanyeni hivyo hivyo.

Mtauliza, kama kupandisha kunatisha hivyo, kwa nini hupandishwa? Kwa sababu ya umbali. Mnazijua njia za ng'ombe kule kwetu, zile nyembamba kati ya ua wa minyaa na ua wa minyaa? Pitisha ng'ombe wengi wanaotembea polepole, watabanana, watasuguana na ua, watachoka njiani. Pitisha wachache wanaokimbia, wanafika. Jenereta za mgodi zilikuwa mbali na mashimo. Volti zikapandishwa kwenye nyumba ya mitambo, mkondo ukawa mdogo, ukapita kwenye waya mwembamba bila kuuchemsha. Karibu na mashimo zikashushwa tena, maana hakuna anayetaka ng'ombe anayekimbia ndani ya nyumba.

Sasa, mke.

Mgodi ulikuwa na matangi makubwa ya chuma ya kuoshea mchanga wa dhahabu. Maji yakitolewa, watu huingia ndani kukwangua tope, na humo mna giza na unyevu mpaka kiunoni. Taa wanayoshika mkononi haiwezi kuwa ya volti mia mbili arobaini. Waya ukichubuka kidogo tu, mtu aliyesimama ndani ya tope, ndani ya chuma, hana pa kukimbilia. Kwa hiyo taa zao zilikuwa za volti ishirini na nne, na transfoma zao tulizisuka sisi. Fundi Kondo alikuwa na sheria moja kuhusu transfoma za matangi: ukipoteza hesabu, fumua yote. Usibahatishe.

Wakati huo nilikuwa nataka kumposa Minza, binti wa Mzee Luhende, mfugaji wa kule kule Ibadakuli. Nilimpenda tangu anachota maji na mimi najifanya napita. Kama ningemkosa, nilikuwa nimeshaamua sitaoa. Nilimwambia hivyo mjomba wangu, mshenga, naye akanijibu kwamba wanaume wote husema hivyo mpaka mavuno.

Mjomba akaenda. Mzee Luhende akamuuliza, "Kijana wenu anafanya kazi gani huko Geita?"

"Anasuka."

"Anasuka nini? Nywele?"

"Hapana. Waya."

"Waya wa vikuku vya wasichana?"

Mjomba hakuwahi kuona karakana maishani mwake. Akaogopa kudanganya, akaogopa na kukiri kwamba hajui. Akasema, "Huenda."

Huenda! Mtu unamtuma akakuombee mke, anakwenda kusema huenda. Mzee Luhende akakaa na neno hilo siku chache, kisha akadandia lori lililokuwa linaleta ng'ombe wa nyama mgodini. Alitaka aone kwa macho yake huyo mwanamume anayekaa na wasichana wa mgodini akiwasukia vikuku.

Aliingia asubuhi. Fundi Kondo alikuwa amekwenda stoo. Mimi nilikuwa peke yangu, mkono wa kulia kwenye mpini wa kile kimashine cha kuzungushia, mkono wa kushoto unaongoza waya. Ulikuwa waya mwembamba mno tuliouokoa kwenye mota iliyoungua, unalala hovyo kama nyuzi za pamba. Ukishapita hauhesabiki tena kwa macho. Kwa hiyo unahesabu kwa mdomo, kila mia unachora alama ya chaki mezani. Nilikuwa mia nne thelathini na sita.

Nikainua macho, nikamwona mlangoni. Fimbo, shuka begani, uso wa Minza ukiwa na ndevu.

Kwetu kijana ndiye huanza kusalimu. Na huyo akiwa mkwe, unainama, humtazami usoni, humsogelei, hata kivuli chake unakipisha. Mimi nilimkodolea macho na kusema, "Mia nne thelathini na saba."

Akasubiri. Akakohoa. Mwishowe, na hapa nilitamani ardhi inimeze na meza yangu, yeye mzee akaanza kunisalimia mimi. "Mwangaluka," yaani umeamkaje.

"Mia nne arobaini na moja."

Nilikuwa napiga goti kila ninapozungusha mpini, nikidhani ataelewa kwamba hiyo ndiyo heshima. Nadhani nilionekana kama kuku anayekunywa maji. Yeye akaendelea kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini ya mtu anayempima mgonjwa.

"Mmezaliwa wangapi kwenu?"

"Mia nne arobaini na tano."

"Wote wazima?"

"Mia nne arobaini na sita."

"Kwa mama mmoja?"

"Mia nne arobaini na saba."

Ndipo Fundi Kondo akarudi. Akatazama huku, akatazama kule, akaelewa yote kwa pumzi moja.

"Mtani!" akamwambia mzee. "Umekuja kununua Msukuma? Huyu mbovu, subiri mzigo mwingine."

"Mzaramo, nyamaza. Kijana huyu hana adabu, au hana akili?"

"Adabu aliiacha kwenu, akili hakuja nayo. Mkono anao. Mwache amalize, kisha umpige."

"Lori halinisubiri. Na sikutoka Ibadakuli kuja kumsalimia mtoto." Akageuka, akautazama mlango.

Wakati wakibishana nilikuwa nimeongeza kasi, nimeshapita mia tano, alama ya tano ya chaki ipo mezani. Nilimwona akivuka kizingiti, nikamwona Minza akivuka pamoja naye, akienda kwa mwanamume mwingine mwenye kazi inayoeleweka. Nikaachia mpini. Nikamwahi nje, nikainama mbali naye kama inavyotakiwa, nikamsalimia salamu kamili.

Salamu ya Kisukuma ukiianza huwezi kuikata katikati, na mzee mwenye adabu hawezi kuiacha bila kujibiwa, hata akiwa amekasirika. Akajibu. Tukaulizana ukoo, tukaulizana nyumba, mvua, malisho, ng'ombe, majirani, wagonjwa, waliokufa na waliozaliwa. Tulipomaliza, uso wake ulikuwa umelegea kidogo. Akaingia ndani tena.

"Haya," akasema. "Endelea nikuone."

Nikashika mpini, nikafungua mdomo, namba haikutoka.

Alama tano mezani. Mia tano na ngapi? Kumi? Arobaini? Fundi Kondo alikuwa amenipa mgongo, anapiga tupa kwenye kipande cha chuma ambacho nilijua hakikuhitaji tupa. Aligeuka makusudi ili asinione nitakachofanya. Ningesema mia tano ishirini, nani angejua? Na kwa elimu yangu nilijua mizunguko ishirini haiui mtu. Volti zingepanda au kushuka kidogo tu. Lakini pale nje, kwenye gogo, alikuwa amekaa Ngassa, mtu wa matangi, aliyekuwa anaisubiri transfoma ile ile. Alikuwa anachokonoa meno kwa kijiti, hana wasiwasi, maana aliamini ndani kuna watu wanaohesabu.

"Imefika ngapi?" mzee akauliza.

"Sijui, baba."

"Hujui?"

"Hesabu imeniponyoka. Nitafumua."

"Yote?"

"Yote, baba."

Akaitazama ile koili. "Kwa sababu ya kunisalimu mimi."

Nikisema ndiyo, namlaumu mkwe. Nikisema hapana, namdanganya. Nikainamisha kichwa tu. Nje lori likapiga honi, likapiga tena, likaondoka na vumbi lake. Mzee Luhende hakugeuka. Akaiegemeza fimbo ukutani.

"Nionyeshe hicho kitu."

Nikamwonyesha, nikiwa nimesimama mbali, nikinyoosha kidole kama mwalimu anayeogopa ubao. Nikamwambia koili hii ni ya kuingilia, na hii itakuwa ya kutokea. Kati yao kuna karatasi. Hazitakiwi kugusana kamwe. Zikigusana, yule aliyekaa kwenye gogo pale nje anaweza kufa akiwa ameshika taa.

"Hazigusani," akasema, "lakini moja ikitikisika nyingine inasikia?"

"Ndiyo, baba. Kwa kupitia chuma kilichoko katikati."

Akaitazama kwa muda mrefu. "Kwa hiyo hawa ni wakwe."

Fundi Kondo aliangusha tupa. Alicheka mpaka akakaa juu ya sanduku la misumari. "Miaka yote nafundisha," akasema akifuta machozi, "neno sina, kumbe limepanda lori la ng'ombe!"

Mzee hakucheka. Akauliza, kama anaongea na meza, "Na chuma ni nani?"

Nikajifanya nafuta mpini.

"Chuma ni Minza," akasema mwenyewe. Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja.

Tukafumua. Mtu anayefumua peke yake huharibu waya, unajikunja na vanishi inabanduka. Lazima mwingine aukaze upande wa pili. Fundi Kondo alipotaka kushika, mzee akamzuia. Akasimama ukuta wa mwisho wa karakana na gurudumu la waya mikononi, mimi nikasimama huku, na ule waya wa shaba ukanyooka kati yetu. Ilikuwa heshima tupu, maana kutoka kwangu mpaka kwake zilikuwa hatua nyingi. Niliupitisha kwenye kitambaa nikitafuta mikwaruzo. Kila nilipohisi mkwaruzo nilisema "Hapo, baba," naye alisimama, nikapaka vanishi, tukangoja ikauke. Asubuhi ikaisha hivyo. Hatukuzungumza neno lingine, na sijawahi kuzungumza na mtu kiasi kile.

Wakati wa kusuka upya, akaleta kigoda. "Wewe zungusha. Nitahesabu mimi. Wewe ukisalimiwa unapotea." Akahesabu kwa Kisukuma, imo, ibili, idatu, kila mzunguko akigonga sakafu kwa fimbo. Akaingia karani mmoja, mtoto wa watu, mwenye adabu zake: "Shikamoo, mzee!" Fimbo ikapanda hewani. Hakujibu, hakutazama, midomo ikaendelea. Karani akatoka kinyumenyume. Fundi Kondo akaninong'oneza, "Msukuma kakataa salamu. Dunia imekwisha, nikafunge mizigo."

Mia sita. Kisha mizunguko sitini ya waya mnene, hiyo niliihesabu mwenyewe, nikaruhusiwa. Kisha vibati vya chuma, kimoja kimoja, vyembamba na vilivyopakwa vanishi, kwa sababu chuma kizima kizima huchemka bure. Mvikaze sana, vikilegea transfoma hulia kama nyuki. Nikaipitisha kwenye balbu, balbu ikabaki hafifu, haina la kunisuta. Nikapima: ishirini na nne. Mzee akaniuliza ishirini na nne ndiyo nini. Nikamwambia ndiyo Ngassa kurudi nyumbani.

Ngassa akaichukua taa akaingia tangini. Mzee Luhende akaenda kusimama kwenye mdomo wa tangi, akashika ukingo, akatazama ule mwanga ukihama huku na huku humo ndani. Mimi nilirudi kufagia karakana. Alikaa pale mpaka Ngassa alipotoka na tope lake, akasema "Shikamoo", na mzee akaitika kwa sauti ambayo nadhani ilisikika mashimoni, "Marahaba!"

Lori jingine lilikuja siku mbili baadaye. Siku hizo mbili alikaa kwa Wasukuma wenzake, akanywa maziwa yao, akazungumzia kila ng'ombe wa Shinyanga. Kuhusu Minza, kimya. Nilikonda. Fundi Kondo akanionya, "Usimuulize. Ukiuliza, utafumua."

Siku ya kuondoka nilimbebea mzigo mpaka kwenye lori. Akapanda, akapanga shuka lake, akatazama mbele alikokuwa anatazama dereva.

"Nyumba yako ina taa?"

"Haina, baba."

"Minza anaogopa giza. Weka taa."

Lori likaondoka. Nilibaki barabarani nikitabasamu kama mjinga, watu wakinizunguka.

Umeme wa mgodi haukuletwa kwenye nyumba zetu sisi wafanyakazi, hata sisi tuliokuwa tunazisuka transfoma zake. Nikanunua chemli nzuri, kioo kisicho na ufa, nikaitundika katikati ya chumba. Minza alipoletwa baada ya mavuno, wanawake wa kwao walipomaliza nyimbo zao na kutuacha, kitu cha kwanza nilichomwonyesha ni ile taa. Mchana kweupe. Niliiwasha ili aone.

Akaniangalia, akaiangalia. "Ya nini saa hizi?"

"Baba yako kasema unaogopa giza."

Minza akacheka, kisha kicheko kikaishia njiani, akakaa kitandani na kujifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Mimi nachunga peke yangu tangu mdogo, giza nitaliogopea wapi?" akasema. "Anayeogopa ni baba. Tangu mama afe, halali bila mimi kumwachia kibatari."

Nikakaa kando yake. Kisha tukaizima chemli, tukaifunga kwenye nguo laini isivunjike, na kwa lori la kwanza la kwenda Shinyanga tukaipeleka Ibadakuli.